Wiki Moja Pyrgi: Mwongozo wa Likizo Katika Kijiji cha Mastiha, Kisiwa cha Chios

Pyrgi haina pwani yake. Kijiji kiko bara kidogo, kusini mwa kisiwa cha Chios nchini Ugiriki, kama kilomita 25 kutoka mji mkuu wa kisiwa, na ukishuka kwenye basi kitu cha kwanza kukuona ni wazee wa kike waliokaa vitini nje ya milango yao. Bahari utaifikia, tena bahari nzuri, lakini sababu ya kwenda Pyrgi ni mti mmoja mfupi unaotoa machozi meupe yenye harufu. Mti huo ndio mstiha, na machozi yake, yaani utomvu wa kutafuna na kupikia, ndiyo mastiha.

Mimi nimekulia Tanga na sasa naishi Ujerumani. Nilikwenda Pyrgi na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa, tukakaa siku nane. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijafunga sanduku.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kufuata mti, si kwa kufuata jua

Jua lipo kuanzia Mei hadi Oktoba, hivyo lisikusumbue. Angalia kazi ya shamba. Juni wakulima husafisha ardhi chini ya miti. Julai huanza kuchanja magome. Agosti na Septemba utomvu huokotwa. Majira ya baridi akina mama hukaa pamoja wakiuchambua, punje moja moja, lakini wakati huo vyumba na migahawa mingi imefungwa.

Kama una watoto wa shule, nenda Julai. Kama huna, nakushauri nusu ya pili ya Septemba: bahari bado ina joto, wageni wamepungua, utomvu unaokotwa, na nyanya ndogo nyekundu zinaanza kufungwa mikufu na kutundikwa roshanini zikauke. Agosti nenda ikiwa unapenda ngoma. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, watoto wa kijiji walioko Athens na ng'ambo hurudi kwao, na uwanja mzima hucheza mpaka usiku wa manane. Wana ngoma yao wenyewe, pyrgousikos. Kwa siku hizo weka chumba miezi mingi mapema.

Hatua ya 2: Viza

Ugiriki iko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, na ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Unahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ikiwa utapita nchi kadhaa, peleka ombi kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Muda wa kawaida wa kujibiwa ni siku 15, ila usithubutu kupeleka ombi wiki tatu kabla ya ndege kuruka.

Ndugu mnaoishi nchi za Schengen kwa kibali halali cha ukaazi hamhitaji viza nyingine. Bebeni pasipoti pamoja na kibali. Mnaoishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki mnaihitaji. Wapo waliodhani kibali cha Uingereza kinatosha wakarudishwa uwanja wa ndege na watoto mkononi.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka Athens kuna njia mbili. Ndege ya ndani huchukua chini ya saa moja. Meli hutoka bandari ya Piraeus, mara nyingi jioni au usiku, na huchukua kama saa saba hadi tisa. Sisi tulichagua meli na singebadilisha. Unalala juu ya maji, unaamka alfajiri, milima ya Uturuki iko upande mmoja na Chios upande wa pili. Mlango wa bahari kati yao ni mwembamba kiasi kwamba usiku unaona taa za watu wa ng'ambo.

Kutoka mjini hadi Pyrgi kuna mabasi ya kijani ya shirika la KTEL. Ni machache, na mwisho wa wiki huwa machache zaidi au hakuna kabisa. Sisi tulifika Jumapili, hatukukuta basi, tukalipa teksi. Panga kufika siku ya kazi, asubuhi.

Gari la kukodi linasaidia sana, walau kwa siku tatu. Chukua dogo kuliko yote. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani, na kumbuka kule wanaendesha kulia. Kwa aliyezoea barabara za Dar au Mombasa, hatari iko kwenye mzunguko wa kwanza baada ya chakula cha mchana, akili ikiwa imelegea. Toa pesa taslimu mjini kabla ya kuondoka, maana kijijini wapo wauzaji wadogo wasiopokea kadi.

Hatua ya 4: Lala ndani ya kijiji

Utaona vyumba vizuri kando ya bahari, na utavutwa. Vikatae. Ukilala pwani utakuja Pyrgi saa sita mchana na basi la watalii, utapiga picha, utaondoka. Kijiji chenyewe huishi asubuhi na usiku.

Tafuta nyumba ya mawe ya zamani ndani ya vichochoro. Zamani ghorofa ya chini ilikuwa ya punda na mazao, na watu walilala juu. Kuta ni nene, dari zimejengwa kwa tao, na joto la Julai halipiti. Gari litabaki nje, kwa hiyo beba begi unaloweza kuliinua, si sanduku la magurudumu litakaloamsha mtaa mzima juu ya mawe.

Jambo moja la adabu: kuanzia saa nane na nusu mchana hadi kama saa kumi na moja na nusu jioni watu hupumzika. Maduka hufungwa, milango hurudishwa, na mtoto anayepiga mpira ukutani ataambiwa. Pumzika nao, au uwe baharini.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, tembea bila ramani na usalimie kila mtu

Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atajiona nyumbani haraka: vichochoro vyembamba, kuta ndefu, matao juu ya kichwa, na baraza za watu wanaokuona kabla hujawaona. Mgeni anayepita kimya huonekana hana malezi, kama kwetu. Asubuhi sema "kalimera", jioni "kalispera". Kwa mtu mzima au kundi la watu sema "yia sas". "Yia su" ni kwa rika lako na watoto. Asante ni "efharisto".

Watakuuliza "apo pu?", yaani unatoka wapi. Jibu jina la nchi yako kwanza, si la mji unaoishi Ulaya, mazungumzo hunoga. Nilipotaja Tanganyika, mzee mmoja pale kwenye mkahawa alisogeza kiti. Kwa Wagiriki wa umri wake jina hilo si geni, kwa kuwa Wagiriki wengi walikuwa na mashamba ya mkonge kwetu kabla ya Uhuru na baada yake. Mimi Kigiriki sina, yeye Kiswahili hana, na tulikaa nusu saa.

Sasa inua macho utazame kuta. Nyumba za Pyrgi zimepambwa kuanzia chini hadi paa kwa maumbo ya kijivu na meupe: pembetatu, miduara, misumeno, maua. Mapambo hayo huitwa xysta, maana yake yaliyokwanguliwa. Fundi hupiga lipu yenye mchanga mweusi, juu yake hupaka chokaa nyeupe, na kabla haijakauka huchora kwa bikari kisha hukwangua kwa uma mpaka weusi wa chini utokeze. Akikosea hawezi kufuta, na chokaa haimngoji. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, alisimama mbele ya ukuta mmoja mpaka taa za mtaa zikawaka, akihesabu mistari inavyorudi.

Kwenye uwanja wa kati ingia kanisa dogo la Agioi Apostoloi, liko ndani ya ushoroba ambao ni rahisi kuupita. Nje ni matofali yaliyopangwa kwa ustadi. Ndani kuta zote zimechorwa picha za mwaka 1665. Funika mabega na magoti, na uulize kabla ya kupiga picha.

Hatua ya 6: Asubuhi moja shambani

Hatua hii usiiruke hata ukiruka nyingine zote.

Mstiha ni mti mfupi, mita mbili au tatu, umepinda kama mzee aliyebeba kuni. Ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Miti ya jamii yake imeenea pande zote za Bahari ya Kati, lakini mastiha ya biashara hutoka kusini mwa Chios, kwenye vijiji 24 vinavyoitwa Mastihohoria. Waturuki hukiita kisiwa kizima Sakız, yaani mastiha. Maarifa ya kuulima mti huu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014.

Uliza mwenye nyumba wako akukutanishe na mkulima anayepokea wageni. Wapo Pyrgi na wapo Mesta, na wengine huchukua ada ndogo. Mtaondoka alfajiri, kwa sababu kazi huisha kabla jua halijakali. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole. Utapiga magoti sana.

Chini ya kila mti ardhi imefagiwa, ikasawazishwa, ikamwagiwa unga mweupe wa chokaa. Huo ndio mkeka wa mti. Mkulima huchukua chuma chenye ncha na kuchanja gome, chale fupi fupi, chache kwa siku, akirudi tena baada ya siku kadhaa. Kazi hiyo wenyewe huiita kentima, neno lile lile la kudarizi. Anayejua kofia zetu za vito ataelewa mara moja kwa nini: kitobo kidogo, mkono mwepesi, subira.

Utomvu hutoka mwangavu kama maji, ukadondoka juu ya ule weupe, ukakaa hapo kama siku 15 hadi 20 mpaka ugande. Mvua ikinyesha wakati huo, hasara. Kisha huokotwa, hupepetwa kwa chekecheo, huoshwa na kuchambuliwa kwa kisu kidogo. Mti mmoja mzima hutoa gramu mia moja na kitu kwa mwaka, na huchukua karibu miaka mitano tangu kupandwa kabla ya kutoa chochote. Ukishapiga magoti saa mbili ukaokota kiganja kimoja, bei ya dukani haitakushangaza tena.

Mkulima wetu alimpa binti yangu punje moja atafune. Mwambie mwanao mapema: mwanzoni ni chungu na huvunjika kama kioo, na mtoto hutaka kutema. Avumilie. Baada ya dakika moja huungana, huwa laini na nyeupe, na harufu ya msonobari hujaa mdomoni. Kwa aliyezoea ubani, ni kama kukutana na binamu yake.

Usivute sigara shambani wala karibu na kichaka chochote. Moto wa Agosti 2012 uliteketeza miti mingi mno ya mastiha, na mti uliochukua miongo kukua haurudi kwa msimu mmoja. Simu yako ikilia tahadhari ya 112, soma na utii papo hapo. Namba hiyo hiyo ndiyo ya kupiga ukiona moshi.

Hatua ya 7: Jumba la makumbusho, baada ya shamba

Jumba la Makumbusho ya Mastiha ya Chios lilifunguliwa 2016, kilomita chache kusini mwa Pyrgi, juu ya kilima kinachotazama mashamba. Jumanne hufungwa. Nenda baada ya shamba, si kabla, ili mitambo ya zamani ya chama cha wakulima, kilichoanzishwa 1938, iwe na maana kwako. Saa moja na nusu inatosha.

Hatua ya 8: Bahari ya Emporios

Mchana shukeni Emporios, bandari ndogo dakika kumi hivi kwa gari. Kando yake kuna Mavra Volia, ufukwe wa kokoto nyeusi za volkano, mviringo, laini kama zimepakwa mafuta. Maji ni safi hadi unaona vidole vyako.

Mambo matatu. Kokoto nyeusi hushika moto, hivyo viatu vya raba ni lazima. Maji huwa na kina mapema. Asiyejua kuogelea, na watoto, wabaki pembeni kabisa wakiwa na mtu mzima. Na usibebe hata kokoto moja ya kumbukumbu, imekatazwa, na ufukwe huo hauna kiwanda cha kutengeneza nyingine.

Julai na Agosti upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi huvuma siku kadhaa mfululizo. Pwani hii ya kusini hukingwa kiasi, lakini ukiona wavuvi hawajatoka, nanyi msiingie mbali.

Hatua ya 9: Mesta na Olympi, siku moja

Mesta iko magharibi ya Pyrgi, na Olympi ipo katikati ya njia. Wagenoa, yaani watu wa mji wa Genoa, Italia, waliotawala Chios kuanzia 1346 hadi 1566, waliviimarisha vijiji hivi kama ngome kwa sababu ya maharamia na kwa sababu ya mastiha yenyewe, ambayo hawakutaka ivuje. Mesta ndiyo iliyohifadhika zaidi. Migongo ya nyumba za pembezoni imeungana ikawa ukuta, na ndani vichochoro vimefunikwa kwa matao, giza mchana kweupe. Zima simu utembee. Utapotea, kisha utatokea uwanjani, kwa sababu vilijengwa kumchanganya adui na kumrudisha mwenyeji.

Karibu na Olympi kuna pango lenye miamba iliyoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka. Ndani ni baridi, na unyevu ni mwingi. Chukua kitu cha mikono mirefu na viatu visivyoteleza.

Hatua ya 10: Kula

Chakula cha jioni huanza saa tatu usiku. Ukienda saa moja utakula peke yako.

Agiza keftedes za nyanya, yaani vidonge vya nyanya na majani vilivyokaangwa. Mastelo, jibini ya kisiwa inayochomwa. Tambi za kienyeji zilizosokotwa kwa mkono. Na samaki wa siku hiyo, ambaye huuzwa kwa kilo, hivyo aoneshwe na kupimwa kabla hajaingia jikoni. Mtoto mwagizie ipovrihio: kijiko cha utamu mzito mweupe wa mastiha kilichozamishwa ndani ya glasi ya maji baridi. Unaulamba, unakunywa maji, unaulamba tena. Binti yangu alitaka hiyo tu kwa siku nane.

Kwa Waislamu: nyama ya halali kijijini usiitegemee. Mboga, dengu, mayai na samaki vitakutosha bila dhiki. Sema "horis kreas" kwa bila nyama, "horis hirino" kwa bila nguruwe, "horis alkool" kwa bila pombe. Neno "nistisimo", chakula cha mfungo wa Kiorthodoksi, lina maana hakuna nyama, mayai wala maziwa, lakini divai inaweza kuwamo kwenye mchuzi, kwa hiyo uliza. Mastiha pia hutengenezwa kileo kitamu kinachotolewa bure mwishoni mwa chakula kwenye glasi ndogo; kukataa kwa mkono kifuani na tabasamu hakumuudhi mtu.

Hatua ya 11: Siku ya Nea Moni

Siku moja pandeni milimani, katikati ya kisiwa, hadi monasteri ya Nea Moni iliyojengwa karne ya 11 kwa agizo la mfalme Konstantino wa Tisa. Monasteri hiyo, yenye michoro ya vipande vya kioo na dhahabu, iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1990. Karibu na lango kuna kikanisa chenye kabati la mafuvu ya watu waliouawa mwaka 1822, majeshi ya Sultani wa Uturuki yalipoangamiza sehemu kubwa ya wakazi wa Chios. Vijiji vya mastiha viliachwa kwa kiasi kikubwa, maana jumba la Sultani liliitaka mastiha. Mwandae mtoto kabla, au mmoja wenu abaki naye nje. Sisi tuliingia kwa zamu.

Mbele kidogo ni Anavatos, kijiji cha mawe juu ya jabali, leo karibu kitupu. Nendeni jioni, maji ya kunywa mkononi, na msipande kuta, zinabomoka.

Hatua ya 12: Kununua na kubeba

Nunua mastiha kwenye duka la chama cha wakulima au kwa mkulima uliyekaa naye. Punje kubwa angavu ni za kutafuna, ndogo ni za kupikia na ni nafuu. Weka ndani ya chupa ya kioo, mbali na joto. Ukiiacha ndani ya gari mchana utakuta bonge moja.

Nyumbani igandishe kidogo kwenye friji, kisha itwange kwenye kinu pamoja na kijiko cha sukari. Bila sukari hunata kinuni na hutaitoa. Punje mbili tatu zinatosha wali wa maziwa wa watu sita. Mke wangu huiweka pia kwenye vitumbua, robo ya kijiko cha chai kwa kilo ya unga, akiitia mwisho kabisa, kikaango kikiwa tayari jikoni, ili harufu isiishie kwenye bakuli.